Maua Chini ya Waipa

Mlango wa karakana ya Fadhiya binti Kamaludin, pale Kuze katika Mji wa Kale, ni mwembamba hata pikipiki huingia kwa kubembelezwa. Magari hubaki nje, pale njia inapopanuka kidogo mbele ya nyumba, na kazi ya Fadhiya ni kuyatoa matumbo: viti, mazulia, vitambaa vya milango, kila kitu cha gari kinachokaliwa, kinachokanyagwa au kuegemewa. Huviingiza ndani, huvivua nguo zao kuukuu na kuvishonea mpya kwa cherehani mbili alizoachiwa na babake. Ana umri wa miaka arobaini na mmoja. Zamani wenzake walipokuwa wakimwuliza kwa nini hashoni mabuibui kama watu, aliwajibu kwamba kiti cha gari hakijawahi kumwambia, "Nipunguzie hapa kiunoni."

Mzee Kamaludin alimfundisha mambo mengi, lakini moja alilirudia hadi siku za ugonjwa wake: usishone kitu juu ya kitu kilicholowa. Kabla ya kupima, kabla ya kukata, weka kiganja kwenye zulia, kandamiza, hesabu mpaka kumi, kisha tazama mkono wako. Ukitoka na maji, mwambie mwenye gari akatafute kwanza yanakotoka. Akikasirika, mwache akasirike.

Wengi hukasirika. Mji huu una namna yake ya kushughulika na uvundo: huufukizia udi. Nguo hufukizwa, nywele hufukizwa, vyumba hufukizwa, na hiyo ni raha ya watu na ada yao. Fadhiya mwenyewe hatoki nyumbani bila kupita juu ya chetezo. Lakini gari likianza kunuka ukungu, mwenye gari huingiza chetezo ndani, hufunga vioo, hungoja robo saa, na akifungua mlango huwa ameshaamini kwamba gari limepona. Fadhiya amewahi kuinua mazulia yaliyofukizwa hivyo kwa miaka, akakuta chini yake uyoga. Uyoga kweli, wenye vichwa.

Kwa miaka kumi na minane ya kazi, aliuvunja mwiko wa babake mara moja tu.

Ilikuwa mwezi wa Shaabani, siku zile ambazo kila mwenye mchumba anakimbizana na Ramadhani na harusi zinapandana juu ya harusi. Kahindi alikuja na gari lake jeupe lenye safu tatu za viti. Kahindi ni dereva anayejulikana Mji wa Kale mzima, mtu wa Kaloleni kwa asili, mrefu, mwenye kupiga pasi hata soksi. Gari lake ndilo linalobeba mabibi harusi, kwa sababu halijawahi kuonekana na vumbi. Huliosha kila asubuhi kwa mpira wa maji, mvua iwe ipo au haipo.

"Zulia limechakaa, dada," alisema. "Na Jumapili nina bibi harusi."

"Mbona lanuka?"

"Maji ya maua hayo. Ya Bi Mwanaesha. Yalimwagika jana."

Fadhiya aliweka kiganja, upande wa abiria wa mbele. Alihesabu mpaka nne. Nje palikuwa na magari mengine matatu, na mtu alikuwa akipiga honi. Mkono ulitoka baridi, si maji hasa, baridi tu. Akajiambia ni maji ya maua. Akalaza zulia jipya juu ya lile la zamani, zulia zito lenye mpira chini yake, akalibana pembeni likakaa kama limezaliwa nalo. Kahindi alifurahi sana. Akafukiza udi, akaenda zake.

* * *

Bi Mwanaesha anakaa nyumba mbili mbele ya karakana. Ana miaka sabini na miwili, na hakuna harusi ya karibu hapo ambayo vidole vyake havikuigusa. Yeye ndiye anayetunga vikuba, vile vishada vya asumini na mrehani ambavyo wanawake hubandika vifuani, na shada za bibi harusi, na zile sinia za maua ya kurushwa gari linapowasili. Uzi wake hufungwa fundo la mara tatu. Alimfundisha Fadhiya fundo hilo alipokuwa mtoto wa miaka sita, na mpaka leo Fadhiya hufungia nalo nyuzi za viti.

Asumini hulimwa ng'ambo, Kisauni, na lazima ichukuliwe alfajiri kabla haijafunguka. Siku nne kwa wiki Kahindi humpeleka Bi Mwanaesha kuichukua na kumrudisha. Maua yakipigwa na upepo husinyaa, kwa hivyo safari nzima vioo hufungwa na kiyoyozi huwashwa mpaka mwisho. Bi Mwanaesha huketi mbele, kushoto, kwa sababu ya magoti, na kikapu amekipakata kama mjukuu.

Tangu Ramadhani alianza kukohoa. Kikohozi kikavu, kisha kifua kikaanza kupiga filimbi. Kufika mwezi wa tano, katikati ya masika, alikuwa akipanda ngazi za nyumba yake kwa vituo vitatu. Daktari alimsikiliza kifua, akamwuliza mwanawe, "Nyumbani kuna unyevu?"

Abdulbasit, mwana pekee wa Bi Mwanaesha, anashughulika na makaratasi ya forodha katika ofisi moja karibu na bandari. Ni mtu mpole na mwenye haraka. Aliposikia neno unyevu alikumbuka ukuta wa chumba cha mamake, wenye baka la rangi ya chai kutoka dirishani hadi sakafuni. Hakuuliza tena. Katika wiki moja alikuwa amepata fleti Bamburi, ghorofa ya nne, yenye lifti, na ameagiza lori lije Jumamosi.

"Jumamosi hini?" Fadhiya aliuliza. Ilikuwa Jumatano, naye alikuwa amekwenda kumjulia hali.

"Hini hini," alisema Bi Mwanaesha. Alikuwa kitandani, maboksi matupu yamepangwa ukutani. "Basiti asema huko hewa nzuri. Nikamwambia, hewa nitaitungia uzi? Huko nani atanigongea kutaka kikuba? Asema, mama, kuna walinzi. Walinzi! Niwavishe walinzi asumini?"

Wote wawili walicheka, na kicheko cha Bi Mwanaesha kiliishia kwenye kikohozi.

"Mimi siogopi kufa, mwanangu," alisema alipopata pumzi. "Nimeogopa ile lifti."

Fadhiya alitoka pale na hasira ambayo hakujua aiweke wapi. Nyumba za mawe za Mji wa Kale hulaumiwa kwa kila kitu. Mtoto akikohoa, ni ukuta. Mzee akiumwa mgongo, ni ngazi. Kila mwaka nyumba moja inafungwa, mwenyewe anavushwa daraja akaishi na watu asiowajua, na nyuma yake mlango unapakwa rangi nzuri, wageni wanakuja kupigia picha. Mtu aliyejua kila jina katika njia yake anageuzwa kuwa namba ya fleti. Na hakuna anayeuliza kama kweli ukuta ndio uliokosa! Ukuta hauna wakili.

Lakini hasira si ushahidi, na Fadhiya alijua. Ushahidi alikuja kuupata kesho yake.

* * *

Siku tatu mvua ilikuwa kubwa na barabara ya Kisauni imejaa maji, kwa hivyo Bi Mwanaesha hakuwa ametoka. Ile Jumatano Fadhiya alipomkuta, kikohozi kilimjia pale alipocheka tu. Alhamisi asubuhi mvua ilikatika, na Bi Mwanaesha, kwa ukaidi, akasema kama hii ndiyo wiki yake ya mwisho basi ataichukua asumini yake kwa mkono wake. Saa mbili kasoro gari la Kahindi lilirudi. Fadhiya alikuwa akifungua mlango wa karakana.

Alimwona Bi Mwanaesha akishuka, ameshika mlango kwa mikono miwili, kifua kinapanda na kushuka kama kimekimbia. Hakuweza kujibu salamu. Alionyesha miguu yake tu. Soksi zilikuwa zimelowa mpaka kwenye vifundo.

Siku tatu ndani ya nyumba yenye ukuta mbovu, na kifua kilikuwa kimetulia. Saa moja ndani ya gari, na ameshindwa kusema.

Fadhiya alimsaidia kuingia nyumbani, akamkalisha karibu na dirisha, akarudi mbio. Kahindi alikuwa ameshatoa chetezo kutoka kwenye buti.

"Weka chini hicho," Fadhiya alisema.

"Nafukiza kidogo tu, dada, kuna—"

"Weka chini, Kahindi."

Alipiga magoti kwenye mlango wa abiria, akaweka kiganja kwenye zulia, kwenye zulia lake mwenyewe, akakandamiza. Hakuhitaji kufika kumi. Kwenye mbili maji yalipanda kati ya vidole vyake, meusi, yenye harufu ya kitu kilichokufa zamani na udi juu yake.

"Ni maji ya maua," Kahindi alisema nyuma yake, lakini sauti yake haikuwa na nguvu.

"Maua yapi yana maji ndoo nzima?"

"Mimi nitajuaje? Gari naliosha kila siku. Kila siku! Uliza mtu yeyote hapa kama amewahi kuona tope kwenye gari langu."

"Hakuna anayesema gari lako chafu. Nasema limelowa. Nani alilaza zulia hili?"

"Wewe."

"Mimi. Nikayafungia maji ndani kama halua kwenye kopo. Kwa hivyo tusigombane, kosa letu ni moja. Lete kata na ndoo. Lete na poda."

"Poda ya nini?"

"Ya mkeo, ya mtoto, ya yeyote. Lete poda."

Kahindi alileta kopo kutoka duka la pembeni. Fadhiya alikausha kwa kitambaa bati lililo chini ya dashibodi, upande wa kushoto, akapaka poda mahali pote mkono ulipofika, kwa sababu maji yakipita juu ya poda huacha njia inayoonekana wazi. Kisha akalala chali, kichwa chini ya dashibodi, miguu imetokeza nje kwenye njia, buibui limebanwa magotini, tochi mkononi.

"Anza na mlango," alisema. "Mwaga."

"Nimemwaga."

"Kukavu. Paa."

"Nimemwaga paani."

"Kukavu. Haya, kioo cha mbele, kutoka juu. Polepole, Kahindi! Huzimi moto."

Mama mmoja aliyekuwa akipita na mkate alisimama. "Huyo ni Fadhiya au maiti?"

"Ni Fadhiya," Kahindi alimjibu. "Natamani angekuwa kimya kama maiti."

"Nakusikia," sauti ilitoka chini ya dashibodi. "Tena. Mwaga pale kioo kinapokutana na boneti. Tena. Te..."

Akanyamaza. Kwenye weupe wa poda, karibu na kile kisanduku cha kuvutia hewa ya kiyoyozi, tone moja lilikuwa limechora mstari. Likafuatwa na jingine. Kisha maji yakaacha kudondoka, yakawa yanatiririka kama mtu amefungua bomba, yakaingia moja kwa moja chini ya zulia, pale Bi Mwanaesha anapoweka miguu.

Chini ya waipa za gari, kati ya kioo na boneti, kuna kifuniko cha plastiki chenye matundu, na chini yake mfereji wa bati. Mvua ikishuka kwenye kioo huingia humo, na pembeni kuna shimo la kuyashusha maji chini nyuma ya gurudumu. Ukilitazama gari kwa nje huwezi kujua mfereji huo upo. Fadhiya alitoa waipa kwa spana, akafungua kifuniko kwa bisibisi, akakiinua.

Kahindi alichungulia. "Astaghfirullah," alisema, ingawa yeye ni wa kanisani.

Mfereji ulikuwa umejaa na shimo limeziba, ndipo maji yakaingilia kisanduku cha hewa. Haikuwa mchanga wala majani ya miti. Fadhiya alitia mkono, akatoa fumba la kitu cheusi, laini, kama chai iliyosahauliwa kwenye birika. Alilisuguasugua kati ya vidole. Ndani yake palikuwa na vikonyo vidogo vyembamba, na petali za waridi zilizogeuka ngozi, na uzi. Aliuvuta ule uzi. Mwishoni mwake palikuwa na fundo la mara tatu.

* * *

Katika harusi za huku, gari la bibi harusi halipokelewi kwa mikono mitupu. Wanawake hulingoja mlangoni na sinia, na likisimama tu, vigelegele na maua huenda pamoja: asumini, waridi, mrehani, hata vikuba vizima, juu ya paa, juu ya kioo, juu ya boneti. Dereva haruhusiwi kuyapangusa mbele ya watu. Ni kama kuipangusa baraka yenyewe. Hungoja afike nyumbani, akaoshe. Na Kahindi alikuwa mwoshaji hodari kuliko wote. Kwa miaka mitatu alikuwa akiyasukuma kwa mpira wa maji mpaka yasionekane tena, na alidhani yameondoka.

"Mimi mwenyewe," alisema, amekaa kwenye ngazi ya karakana na mikono kichwani. "Kwa mkono wangu. Kila asubuhi."

"Na maua ya Bi Mwanaesha," Fadhiya alisema. "Na zulia langu. Kila mmoja wetu ametia chake."

Alilitia lile tope kwenye sinia. Hakuliosha.

Abdulbasit alifika baada ya alasiri na gundi ya kufungia maboksi. Aliwakuta Fadhiya na Kahindi sebuleni kwa mamake, sinia mezani, na Bi Mwanaesha akiligeuzageuza tope kwa kijiti huku miwani imemshuka puani.

"Hili fundo langu," alikuwa akisema. "Mato yangu mazima bado. Hili langu. Na hili waridi la harusi ya Lamis, angalia, ni lile jekundu la kutoka bara. Yarabi, harusi ya Lamis imo humu!"

"Ni kitu gani hicho?" Abdulbasit aliuliza.

Fadhiya alisimama. Maneno alikuwa ameyapanga, lakini alipomwona Abdulbasit, mtu aliyecheza naye gololi kwenye njia ile ile, yakampotea yote, akasema tu: "Kinachomuumiza mamako ni gari, si nyumba. Na mimi nilijua gari lina unyevu, nikalaza zulia juu yake."

Alimweleza yote. Abdulbasit alisikiliza uso ukibadilika.

"Ulijua?"

"Niliweka mkono, nikahesabu mpaka nne, nikaacha. Babangu angeniambia nivunje cherehani."

"Mamangu amekohoa miezi miwili, Fadhiya!"

"Ndiyo."

"Miezi miwili hapumui, na wewe uko nyumba mbili kutoka hapa!"

"Ndiyo," Fadhiya alisema tena.

Bi Mwanaesha aliweka kijiti chini. "Usimpigie kelele. Angekuwa hataki kusema, ungejuaje?"

"Mama, hata kama gari ni bovu, ukuta si huo hapo? Wanuka. Mimi mwenyewe nimeupiga plasta ya simiti miaka miwili nyuma na bado watoa maji."

"Kwa sababu ulipiga simiti," Fadhiya alisema, na hapo ile hasira ya jana ikapata mahali pa kukaa. "Jiwe la nyumba hizi linapumua, Abdulbasit. Wazee walilipaka chokaa lipate kupumua. Wewe umelivika mpira, nami nimelivika gari mpira. Tumefanya jambo moja. Sote tuliona maji, sote tukafunika, sasa twataka kumhamisha aliyelowa! Mbona maji hayahamishwi?"

Kikohozi cha Bi Mwanaesha ndicho kilichomjibu.

"Njoo uketi garini," Fadhiya alisema kwa sauti ya chini zaidi. "Dakika kumi. Vioo juu, kiyoyozi kimewashwa, bila udi. Hapo anapoketi mamako."

Abdulbasit aliketi. Kahindi aliwasha injini. Watu wa njiani walikuwa wameshaanza kukusanyika, na mtu akauliza kama bwana harusi ndiye huyo. Kufikia dakika ya nne Abdulbasit alikuwa ameziba pua kwa tai yake. Kufikia ya saba alifungua mlango, akatoka, akakohoa ameinama, mkono ukutani, muda mrefu. Alipoinuka macho yalikuwa mekundu, na si kwa kikohozi peke yake.

"Siku nne kwa wiki," alisema.

"Nipe siku kumi," Fadhiya alisema. "Nilikaushe. Akiendelea hivi baada ya hapo, maboksi nitayabeba mimi mpaka kwenye lori."

Abdulbasit alitoa simu, akampigia mwenye lori. "Siku kumi," alimwambia Fadhiya alipokata. "Si kumi na moja."

* * *

Kazi ilianza Ijumaa baada ya sala. Viti vyote vilitoka. Zulia la mpira lilitoka, na la zamani chini yake, na chini ya hilo lile blanketi nene la kiwandani linalolazwa juu ya bati, zito kwa maji hata Kahindi na Fadhiya walilibeba kama wanabeba mtu. Hilo halikuokolewa. Lilikuwa na madoa ya kuvu, kijani na meusi, yenye manyoya. Bati lilisuguliwa kutu, likaoshwa kwa sabuni, kisha kwa siki. Kile kisanduku cha hewa kilifunguliwa, na chujio lake lilipotoka lilikuwa limeota kama ukuta wa kisima. Shimo la mfereji lilizibuliwa kwa waya, na maji yaliposhuka nyuma ya gurudumu kwa mara ya kwanza baada ya miaka mitatu, Kahindi alipiga makofi.

Viti vilipandishwa darini kwa Fadhiya, juu ya paa tambarare, kila jua lilipotoka, na kuteremshwa kila wingu lilipokuja, na masika hayana huruma. Siku ya nne walipanda na kushuka mara saba. Kahindi alikuwa akifuata asumini Kisauni kwa tuktuk, na kuifunika kwa gunia bichi, na ilikuwa ikifika nusu yake imesinyaa. Bibi harusi mmoja alilalamika. Bi Mwanaesha alimpelekea jibu kwamba ashukuru kapata maua, yeye mtungaji karibu akose pumzi.

Kila asubuhi Fadhiya aliweka kiganja kwenye bati, na baadaye kwenye blanketi jipya, akahesabu. Siku ya tano palikuwa na baridi. Wakatia makopo ya makaa makavu sakafuni kunyonya unyevu, wakafunga milango, wakangoja. Siku ya saba palikuwa na kaubaridi kadogo. Kahindi alisema pamekauka. Fadhiya alisema bado. Kahindi alisema yeye atazeeka akingoja.

Siku ya tisa alihesabu mpaka kumi, akatazama mkono wake, akahesabu tena mpaka ishirini. Kisha akarudisha viti.

Siku ya kumi Abdulbasit alifika saa kumi na moja alfajiri na kuketi kiti cha nyuma, mikono kifuani, kama hakimu. Kahindi hakufukiza chochote. Walivuka daraja la Nyali vioo vimefungwa, wakachukua asumini Kisauni, wakarudi na mvua ikiwapiga njia nzima. Fadhiya alikuwa amesimama mlangoni mwa karakana tangu walipoondoka, cherehani hajaigusa.

Gari lilisimama. Kioo kilishuka, na kabla hajaona uso alisikia sauti.

"...nikamwambia, wewe asumini hini umeichuma lini, jana? Akaniambia, la, Bi Mwanaesha, ni ya leo. Nikamwambia, usinitezee mimi!"

"Ameongea tangu Kisauni," Abdulbasit alisema, akishuka. "Hakunyamaza. Hata kidogo." Alisema kama mtu anayelalamika, lakini uso wake ulikuwa umefunguka.

Bi Mwanaesha alishusha miguu, akamwonyesha Fadhiya soksi. Zilikuwa kavu. Ngazi za nyumbani alizipanda kwa kituo kimoja, na hapo pia alisimama kumsema paka. Kikohozi hakikuisha siku hiyo, na bado asubuhi za baridi humshika kidogo; kifua kilicholowa miezi miwili hakikauki kwa siku kumi. Lakini filimbi ilinyamaza. Daktari alipomsikiliza tena alimwuliza Abdulbasit wamehamia wapi.

"Hatukuhama," alijibu. "Tumehamisha maji."

Lori halikuagizwa tena. Maboksi Bi Mwanaesha aliyakatakata, akayafanya vitako vya sinia za maua. Na mwezi uliofuata Abdulbasit mwenyewe, suruali imekunjwa, alikuwa akibandua simiti kwenye ukuta wa chumba cha mamake kwa patasi, akitukana taratibu, na ndoo ya chokaa ikimngoja.

Harusi ya kwanza ya gari hilo baada ya hapo ilikuwa ya Swabaha, binti wa nyumba ya nyuma. Fadhiya alishona utepe mrefu wa chandarua, wenye vishikizo pembeni, unaolala juu ya yale matundu chini ya waipa, na Bi Mwanaesha akaudarizi ukingo kwa uzi mweupe, maana alisema bibi harusi hapelekwi na gari lililofungwa bendeji. Gari lilipofika mlangoni kwa bwana harusi, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kwenye kundi, sinia kichwani, nyumba kumi tu kutoka kwake. Alipiga kigelegele. Kilikuwa kirefu, hakikukatika, na Fadhiya alijikuta naye ameshika pumzi mpaka kilipokwisha. Kisha maua yakaruka yote pamoja, na hakuna aliyeyazuia.

Jioni Kahindi aliuvua ule utepe kwa ncha nne, kama mtu anayekunja kitambaa cha mkate, na maua yote yakatoka nao. Aliyamwaga kwenye sinia, akachukua mpira wa maji.

"Ngoja kwanza," Fadhiya alisema. Akafungua mlango wa abiria, akapiga magoti, akaweka kiganja kwenye zulia, na Kahindi, bila kuambiwa, akaanza kumhesabia. Alifika kumi, na kiganja kikatoka kikavu.